Maji Yaliyopo na Maji Yasiyofaa: Uhakiki wa Istilahi za Hali ya Maji Mwilini mwa Mgonjwa wa Saratani

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache ambayo waganga, wauguzi na wafasiri wa vijitabu vya afya huyatumia kuelezea hali ya maji katika mwili wa mgonjwa anayetibiwa saratani. Hatumlengi mwandishi mmoja wala hospitali moja. Maneno yenyewe ni manne: maji, upungufu, uvimbe na kuongeza. Yote ni Kiswahili cha kila siku, na hapana hata moja ambalo mwanafunzi wa darasa la tatu angeuliza maana yake. Ndipo ilipo hatari. Neno geni humfanya msikilizaji aulize; neno alilolizoea humfanya aitikie, hata kama alichokielewa sicho alichoambiwa.

Katika Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Mafunzo ya udaktari hutolewa kwa Kiingereza na jalada la mgonjwa huandikwa kwa lugha hiyo, lakini mazungumzo ya kitandani ni Kiswahili. Kwa hiyo muuguzi ni mfasiri asiyetambuliwa kwa jina hilo: husoma lugha moja na kusema nyingine, tena papo kwa papo, bila kamusi na bila mhariri. Kosa la mfasiri wa riwaya huweza kusahihishwa katika toleo la pili. Kosa la mfasiri wa wodini huishia katika mwili wa mtu.

1. Kinachopimwa

Kabla ya kuyahukumu maneno, hatuna budi kulielewa jambo lenyewe. Mwili wa mwanamume mzima mwenye uzito wa kilo 70 una maji yapatayo lita 42. Theluthi mbili ya maji hayo, yaani kama lita 28, imo ndani ya seli. Lita 14 zilizosalia zimo nje ya seli, na kati ya hizo ni lita 3 hivi tu zinazozunguka ndani ya mishipa pamoja na chembe za damu. Hizo lita 3 ndizo zinazoupa moyo kazi ya kusukuma na figo kazi ya kuchuja.

Kwa hiyo mganga anapopima hali ya maji haulizi tu kama maji ni mengi au ni machache. Huuliza pia yako wapi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika saratani aghalabu maji huacha mkondo wake. Saratani ya ovari au ya ini huweza kujaza tumbo maji lita nyingi. Mgonjwa aliyekonda huweza kupungukiwa na albumini, protini isaidiayo kuyashika maji ndani ya mishipa, nayo yakavuja na kukaa miguuni. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi katika nchi zetu, huweza kuibana mirija itokayo kwenye figo hata mkojo ukakosa njia. Saratani ya umio humzuia mtu kumeza hata mate yake.

Na matibabu nayo yana mambo yake. Dawa ya sisplatini, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1978 na ingali ikitumika duniani kote, huweza kuzidhuru figo. Ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa maji ya chumvi kabla na baada ya kupewa dawa hiyo. Lakini dawa hiyohiyo husababisha kutapika sana. Hivyo mtu mmoja, katika siku moja, hupoteza maji kwa kinywa, huyapokea kwa mshipa, na huenda bado ana maji mengine tumboni yasiyomfaa kitu. Lugha yenye neno moja tu kwa mambo hayo matatu haiwezi kumsaidia muuguzi wake.

2. Maji au giligili?

Wapo wafasiri waliokwisha kuliona tatizo la neno maji, wakaona dawa yake ni kulitumia neno giligili. Nia yao ni njema, ila chaguo lenyewe lina kasoro mbili. Kwanza, katika vitabu vya fizikia giligili hutumiwa kwa kila kitu kitiririkacho, gesi ikiwamo. Mganga hazungumzii gesi. Pili, neno hili halina mizizi katika vinywa vya wagonjwa. Mama anayeambiwa kwamba giligili za mwanawe zimepungua atakwenda nyumbani akitafuta giligili dukani.

Rai yetu ni kwamba neno maji libaki, kwa sababu ndilo linaloeleweka na kwa sababu si uongo: sehemu kubwa ya kinachopimwa ni maji kweli. Kasoro ya neno maji si kwamba ni la kawaida mno, bali kwamba huachwa peke yake bila kutajiwa mahali. Kiswahili kina utajiri wa kutaja mahali. Tunasema tumboni, mishipani, miguuni, kifuani. Kiambishi kimoja cha silabi moja hufanya kazi ambayo lugha nyingine huihitajia maneno mawili au matatu. Kosa la wafasiri wetu ni kuuacha utajiri huo na kwenda kukopa istilahi ya maabara.

3. “Upungufu wa maji mwilini”

Istilahi hii ni miongoni mwa zile zilizofanikiwa sana. Kampeni dhidi ya kuharisha kwa watoto, zilizoenea tangu miaka ya 1970 na 1980, ziliifikisha hadi vijijini pamoja na dalili zake: macho yaliyoingia ndani, kinywa kikavu, ngozi ambayo ikifinywa hurudi polepole. Hatuna sababu ya kuibadilisha pale inapomhusu mtoto anayeharisha.

Lakini istilahi iliyofanikiwa mahali pamoja huhamishwa mahali pengine bila kukaguliwa. Vijitabu vya saratani mara nyingi huichukua pamoja na dalili zake zote, na hapo ndipo inapopotosha. Mgonjwa aliyepigwa mionzi kichwani au shingoni huweza kuharibiwa tezi za mate. Kinywa chake kitakuwa kikavu hata akiwa na maji ya kutosha mwilini. Mgonjwa aliyekonda amepoteza mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ngozi yake itarudi polepole hata kama hana kiu. Macho ya aliyekonda yameingia ndani kwa sababu ya kukonda. Dalili tatu zilizofundishwa kwa redio na kwa mabango zinakuwa mashahidi wasioaminika, na msomaji hakuonywa.

Mfasiri mwangalifu angetofautisha kinywa kikavu na mwili mkavu. Angeziandika dalili zinazofaa zaidi kwa mgonjwa huyu: kizunguzungu anaposimama, mapigo ya moyo kwenda mbio, shinikizo la damu kushuka anapoinuka kitandani, na mkojo kupungua na kuwa wa rangi iliyokoza. Tena angeongeza neno moja tu la mahali: upungufu wa maji mishipani. Kwa istilahi hiyo mtu mwenye miguu iliyojaa maji anaweza kuambiwa, bila kujipinga, kwamba ana upungufu. Akiambiwa ana “upungufu wa maji mwilini” ilhali anaitazama miguu yake imevimba, atamwona muuguzi kuwa mtu asiyejua asemalo.

4. “Uvimbe”

Hili ndilo neno linalotutia wasiwasi kuliko mengine yote. Katika Kiswahili cha hospitali za leo, uvimbe ni jina la donge la saratani: uvimbe kwenye titi, uvimbe kwenye ini. Neno hilohilo hutumiwa pia kwa maji yaliyojikusanya chini ya ngozi ya miguu. Chukua sentensi kama hii, ambayo yeyote kati yetu angeweza kuiandika: “Mgonjwa akiona uvimbe mpya miguuni amwarifu daktari.” Mwandishi alimaanisha maji. Msomaji, ambaye tangu siku ya kwanza ameambiwa kwamba uvimbe wake ni saratani, atasoma kwamba saratani imeshuka hadi miguuni. Wengine wakisoma hivyo hukata tamaa, na aliyekata tamaa hana haja ya kumwarifu daktari yeyote.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha zamani hakikuwa maskini hivi. Jipu ni jambo moja na mtoki ni jingine. Busha ni maji ya kwenye pumbu, na matende ni mguu uliovimba na kuwa mgumu kwa sababu njia za limfu zimeziba. Kamusi za zamani zinalo pia neno istiska, kwa maradhi ya mwili kujaa maji. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kutaka kunyweshwa maji. Ndilo hilohilo jina la sala ya kuomba mvua. Waliouita hivyo ugonjwa wa kujaa maji walikuwa wameliona jambo ambalo vijitabu vyetu havilisemi: mtu huyo amejaa maji, na bado ana kiu. Maji anayo, lakini hayamo katika mkondo.

Hatupendekezi istiska irudishwe, maana wanaoijua leo ni wachache. Tunachopendekeza ni kwamba fikra yake irudishwe kwa neno linaloeleweka. Kila Mtanzania amekwisha kusikia habari ya maji yaliyotuama, kwa kuwa ndiyo mazalio ya mbu. Maji yaliyotuama yapo, yanaonekana, ila hayaendi kokote. Hiyo ndiyo hali ya maji katika miguu ya mgonjwa wetu. Kama simama imetupa msimamo, na inama ikatupa mwinamo, hapana kizuizi cha tuama kutupa mtuamo. Mtuamo wa maji uwe jina la maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, na uvimbe ubaki kwa donge.

Istilahi hii inasaidia pia katika kupima. Muuguzi hubonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu kwa sekunde chache, kisha huondoa kidole. Pakibaki shimo, maji yametuama. Kiswahili tayari kina kitenzi cha jambo hilo, nacho ni kubonyea: mtuamo unaobonyea. Kwa upande mwingine, mkono wa mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani kwa ajili ya saratani ya titi huweza kuvimba kwa limfu, na baada ya muda ukawa mgumu usiobonyea. Kumpunguzia mama huyo maji ya kunywa hakumsaidii. Huu ungeweza kuitwa mtuamo wa limfu. Neno matende lisingefaa, ijapokuwa kwa asili mambo hayo mawili ni ndugu, kwa sababu wasomaji wamelifunga na ugonjwa uletwao na mbu.

Atakayepinga atasema kwamba mtuamo ni neno la kubuniwa mezani. Tunakubali. Lakini mgonjwa halazimiki kulitamka; yeye ataendelea kusema miguu imevimba, na kitenzi kuvimba ni haki yake. Anayelazimika kutofautisha ni mwandishi wa kijitabu na muuguzi anayekisoma kwa sauti.

5. “Maji kwenye mapafu”

Kauli hii moja hufunika hali mbili. Ya kwanza ni maji yaliyojikusanya nje ya pafu, kati ya utando unaolifunika na ule unaolizunguka kifua kwa ndani. Saratani ya titi au ya pafu huweza kuyaleta. Maji hayo huweza kuvutwa kwa sindano. Hali ya pili ni maji yaliyoingia ndani ya pafu lenyewe, katika vifuko vya hewa, kwa sababu moyo umeshindwa kuyasukuma au kwa sababu mgonjwa ametundikiwa maji kupita kiasi. Hayo hayavutwi kwa sindano. Huondolewa kwa dawa ya kukojoza na kwa kusitisha dripu.

Matokeo ya kutotofautisha yanatabirika. Ndugu wa mgonjwa wa pili amemwona mgonjwa wa kwanza, kitanda cha jirani, akivutwa maji na kupata nafuu siku hiyohiyo. Wote wawili waliambiwa wana “maji kwenye mapafu.” Atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mgonjwa wake hahudumiwi kama mwenzake. Shaka ya upendeleo au ya rushwa itaingia, na chanzo chake kitakuwa kihusishi tu. Maji kandoni mwa pafu na maji ndani ya pafu: tofauti ni neno moja, nalo halihitaji kikao cha kamati.

Hapa pia yafaa kuonya juu ya “dawa ya mkojo.” Kwa wengi hiyo ni dawa ya mtu mwenye maumivu anapokojoa. Dawa ya kukojoza ni wazi zaidi.

6. “Kuongezewa maji” na “kunyimwa maji”

Kuongezewa ni neno jema katika Kiswahili. Anayeongezewa amependelewa. Kwa hiyo kauli “kuongezewa maji” imejibu swali kabla halijaulizwa: inadokeza kwamba maji ya dripu ni faida sikuzote. Ndivyo wagonjwa wengi wanavyoamini, na wapo wanaodai maji ya glukosi kwa kudhani ni chakula. Lita 1 ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, ambazo haziwezi kuwa mlo wa mtu mzima. Tena sukari hiyo ikishatumika, maji yanayobaki husambaa mwili mzima, na mishipani husalia sehemu ndogo sana. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi katika lita 1, hayaingii ndani ya seli kwa urahisi, na takriban robo yake hubaki mishipani. Kwa mwenye kupima hali ya maji hizi ni dawa mbili tofauti. Kwa anayesikia “ameongezewa maji” ni kitu kimoja. Heri kusema kutundikiwa maji ya chumvi, au kutundikiwa maji ya sukari, kila moja kwa jina lake.

Kinyume chake ni kunyima. Katika desturi zetu kumnyima mtu maji ni ubaya usiosameheka. Hata adui hupewa maji. Sasa, kwa mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, mganga huweza kuona kwamba dripu itamjaza kifua bila kumwondolea kiu. Akisema “tumesitisha maji,” familia husikia “tumemnyima maji,” na msiba utakapofika watabaki na donda hilo miaka mingi. Mfasiri hawezi kuuondoa uchungu huo, lakini anaweza kuacha kuuzidisha. Aandike kwamba dripu imesitishwa, kisha papo hapo aandike kinachoendelea: kinywa kilowanishwe mara kwa mara, na mgonjwa apewe vijiko vya maji akiweza kumeza. Sentensi ya kwanza bila ya pili ni tafsiri sahihi na ni ukatili.

7. “Anakojoa vizuri”

Kasoro ya mwisho ni ya vipimo. Vijitabu humwagiza mlezi aangalie kama mgonjwa “anakojoa vizuri” na “anakunywa maji mengi.” Vizuri ni nini? Wengine hudhani ni kukojoa bila maumivu. Mengi ni kiasi gani? Mtu mzima anatazamiwa kutoa mkojo usiopungua nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mwenye kilo 60 atatoa mililita 30 kwa saa, yaani mililita 720 kwa siku. Chupa moja ya nusu lita na nyingine isiyofika nusu: hicho ndicho kipimo ambacho mlezi yeyote anaweza kukishika nyumbani.

Vivyo hivyo kwa mizani. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mgonjwa aliyeongezeka kilo 2 kwa siku 2 ameongezeka maji, kwani nyama haijengeki upesi namna hiyo. Lakini kwa kipindi cha wiki kadhaa mizani huweza kudanganya: mwili unakonda, maji yanatuama na kuziba pengo, na kilo zinabaki zilezile. Kijitabu kinachosema tu “uzito usipopungua ni dalili njema” kinamfariji mgonjwa kwa jambo lisilo kweli.

Kwa hesabu ya maji yaingiayo na yatokayo, wengine wamependekeza mizani ya maji, na wengine mizania. Neno la kwanza linagongana na chombo cha kupimia uzito, ambacho kiko pembeni mwa kitanda kilekile. La pili limeshikwa na wahasibu kwa hati ya mali na madeni. Tunaona urari wa maji unafaa zaidi: urari wa ziada pale yaingiayo yanapozidi, na urari wa nakisi pale yatokayo yanapozidi. Walimu wa hesabu na watumishi wa serikali wanayajua maneno hayo tayari.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu wa vyuo vya uuguzi na wote wanaoandika matangazo ya afya:

(a) Hali ya maji mwilini iwe istilahi ya jumla. Giligili iachiwe fizikia.
(b) Upungufu wa maji mishipani utofautishwe na upungufu wa maji mwilini.
(c) Uvimbe utumike kwa donge. Mtuamo wa maji utumike kwa maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, na mtuamo wa limfu kwa limfu.
(d) Maji kandoni mwa pafu, maji ndani ya pafu na maji ya tumboni yatajwe kila moja kwa jina lake.
(e) Kutundikiwa maji ya chumvi au ya sukari kuchukue nafasi ya kuongezewa maji.
(f) Urari wa maji, wa ziada au wa nakisi, uandikwe kwa mililita, wala si kwa vizuri na mengi.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na miongoni mwa kazi zake ni kusimamia ukuzaji wa istilahi. Tumezoea kuipima kazi hiyo kwa idadi ya maneno mapya. Katika jambo hili maneno mapya yanayohitajika ni machache mno. Labda ni hilo moja la mtuamo. Kilichobaki ni kuyatumia yale tuliyonayo kwa uangalifu, tukikumbuka kwamba yuko mtu anayesubiri kuambiwa kama anywe maji au asinywe, na kwamba atatii neno lolote tutakalompa.